Risala ya Wahudumu wa Ndani ya Ndege: Dakika za Kabla ya Mlango Kufungwa

Imesomwa mbele ya Mgeni Rasmi katika maadhimisho ya Siku ya Usafiri wa Anga Duniani, tarehe 7 Desemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. 

Tunakushukuru kwa kuja, na tunakushukuru zaidi kwa kukubali risala hii iwemo kwenye ratiba. Siku hii, inayokumbuka mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, kwa kawaida huwapa nafasi ya kusema marubani, wahandisi, waongoza ndege na watabiri wa hali ya hewa. Wahudumu wa ndani ya ndege huvalishwa sare zao na kupangwa mlangoni wapokee wageni. Leo tumepewa kipaza sauti, na kwa kuwa hatujui tutapewa tena lini, tutasema yote.

Malalamiko yetu ni mengi lakini mzizi wake ni mmoja. Usalama wa abiria huandaliwa ndege ikiwa bado imesimama na mlango uko wazi. Ikishapaa, tunatumia kilekile tulichokiandaa chini, na kama hatukukiandaa hakuna duka la kukinunua angani. Dakika hizo za kuandaa zimekuwa zikipunguzwa mwaka hadi mwaka, kwa sababu kwenye hesabu za ofisi zinaonekana ni dakika tupu: ndege haijaruka, tiketi zimeshauzwa, na watu wamesimama tu wanapanga mabegi.

Abiria wanatujua kwa chai, juisi na korosho, nasi hatuoni haya kwa kazi hiyo. Mgeni hupewa maji kwanza. Hata hivyo, hakuna sheria inayoilazimisha ndege kubeba mtu wa kumimina chai. Kinacholazimishwa ni mtu wa kufungua mlango gizani, kuzima moto chooni, kumfufua aliyezimia na kuwatoa watu nje upesi. Ndiyo maana kanuni zinamhesabu mhudumu mmoja kwa kila viti 50, wala haziulizi kuna vikombe vingapi. Kila mwaka tunarudi darasani na kwenye bwawa la kuogelea kupimwa upya, na anayeshindwa haruki. Hatujasikia bado mtu aliyezuiwa kuruka kwa kushindwa mtihani wa chai.

Ndege kubwa ya abiria, kabla haijaruhusiwa kufanya kazi, hutakiwa kuthibitishwa kwamba ikiwa imejaa, watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Mwaka 2006 huko Hamburg watu 873 walitoka kwenye Airbus A380 kwa sekunde 78. Tunaiheshimu kazi hiyo. Lakini watu wale walikuwa wamejitolea, wana afya, wanajua kwamba lipo jaribio, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepakata ndoo ya senene.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na maji, kwa sababu hapa nyumbani ndiyo yaliyotufundisha kwa uchungu zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, safari namba 494, aina ya ATR 42, ikitokea Dar es Salaam, iliangukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Waliookoka ni 24. Waliofariki ni 19, wakiwemo marubani wote wawili. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa kusaidia uokoaji.

Baada ya msiba ule taifa lilijadili boti za uokoaji, wapiga mbizi na vifaa vya kikosi cha zimamoto, na ilikuwa haki. Sisi tunauliza swali la upande wa ndani. Abiria wa ndege inayotua kwa kupita juu ya ziwa, wanajua nini kuhusu maji kabla mlango haujafungwa? Kanuni za kimataifa huzungumzia jaketi za kuokolea maisha hasa pale ndege inapokwenda zaidi ya maili 50 za baharini kutoka nchi kavu, yaani kilomita 93 hivi. Lakini kanuni hizohizo zina kifungu kinachosahaulika haraka: uwanja ambao njia yake ya kupaa au kutua imelala juu ya maji nao unahesabika, kwa kadiri nchi husika itakavyoona. Bukoba hauhitaji maili 50. Hauhitaji hata maili moja. Tunaomba viwanja vya namna hiyo, kuanzia Bukoba na Mwanza hadi vya visiwani, viorodheshwe kwa majina, orodha ibandikwe katika kila chumba cha maandalizi ya safari, na katika safari za viwanja hivyo maelekezo ya jaketi yatolewe kwa vitendo, mhudumu akiwa amesimama katikati ya abiria, kwa kwenda na kwa kurudi.

Tunasisitiza vitendo kwa sababu kujua kwamba jaketi iko chini ya kiti hakutoshi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo abiria waliojaza jaketi zao hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Sentensi fupi tunayoisema kila siku, kwamba jaketi hujazwa hewa mtu akishafika mlangoni, imebeba roho za watu wale. Tunaisema huku abiria wa safu ya sita anajibu simu, na wa safu ya saba anatuuliza kama tunaweza kumpa maji anywe dawa.

Na jaketi zenyewe, Mheshimiwa, huibwa. Tunapopitisha mkono chini ya viti tunakuta mfuko mtupu. Huenda aliyeichukua ana mtumbwi, na kama ni hivyo angalau kuna mtu anayeitumia. Lakini abiria atakayekalia kiti kile hana habari. Kupitisha mkono chini ya kila kiti kunahitaji muda. Hapo ndipo tunapofika kwenye ratiba.

Ratiba ya shirika letu inatupa dakika 25 tangu ndege inaposimama mpaka inapoondoka tena. Katika dakika hizo abiria wanateremka, usafi unafanyika, viti vinakaguliwa kama kuna kilichosahaulika au kilichoachwa makusudi. Kisha mitungi ya kuzimia moto na vipimo vyake, mitungi ya oksijeni, tochi, megafoni, sanduku la huduma ya kwanza, mikanda ya ziada ya watoto, kadi za maelekezo kwenye mifuko ya viti. Kisha abiria wapya wanapanda, wanahesabiwa, mizigo inawekwa, milango ya dharura inapata watu wanaofaa, maelekezo yanatolewa, sehemu ya abiria inakaguliwa, taarifa inapelekwa kwa rubani. Kwa karatasi inawezekana. Lakini safari ya kwanza ikichelewa nusu saa asubuhi kwa ukungu au kwa kusubiri mgeni mkubwa, deni lile hulipwa siku nzima, na hulipwa kwa dakika zetu. Kasi ya ndege haiongezeki kwa sababu meneja wa kituo ana haraka. Mafuta hayaingii upesi zaidi. Kinachoweza kubanwa ni ukaguzi, kwa kuwa ukaguzi uliorukwa hauonekani kwa macho, na tunapandisha abiria kwa mtindo wa kondakta wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Mwenzetu mmoja alikataa kufunga mlango kwa sababu mshale wa kipimo cha mtungi wa kuzimia moto ulikuwa kwenye nyekundu. Fundi aliitwa, mtungi ukabadilishwa, ndege ikaondoka imechelewa. Abiria walifika salama. Kesho yake alipewa barua ya kujieleza kwa nini amechelewesha ndege. Barua ile haikusema neno hata moja kuhusu mtungi. Tunaomba iondolewe kwenye jalada lake, na tunaomba ielezwe wazi katika mwongozo wa kazi kwamba mhudumu anayezuia mlango kwa sababu ya usalama, hata ikija kuonekana kwamba alikuwa na hofu kupita kiasi, haandikiwi barua. Usipofanya hivyo, Mheshimiwa, wengine wote watakuwa wameshajifunza. Kwa kweli wameshajifunza.

Kuhusu mizigo ya mkononi tutaongea kama watu wa nyumba moja. Tunawapenda abiria wetu na tunajua kwa nini wanabeba. Anayetoka Bukoba mwezi wa Novemba bila senene atajibu nini kwa ndugu zake? Anayetoka Mwanza ana samaki, anayetoka Kariakoo ana vitenge, anayetoka Makka ana maji ya Zamzam. Tatizo liko kwenye kaunta, pale ambapo begi la kilo kumi na nne linapachikwa kijikaratasi cha "mkononi" ili foleni isogee, halafu linaletwa mlangoni mwa ndege liwe ugomvi wetu. Sisi ndio tunaoonekana wakorofi. Kabati likijaa, begi linaingizwa chini ya kiti. Chini ya kiti kukijaa, linawekwa miguuni. Na miguuni ndiyo njia ya jirani wa dirishani kutoka.

Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates ilianguka kwenye njia ya kurukia Dubai ikiwa na watu 300. Wote waliokuwamo walitoka wakiwa hai, ingawa askari mmoja wa zimamoto alifariki akipambana na moto ule. Picha za simu kutoka ndani ziliwaonyesha abiria wakifungua makabati na kuteremsha mabegi wakati moshi unaingia. Linganisha na Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024: ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Ndani ya ile kubwa walikuwamo watu 379, nao wote walitoka. Kipaza sauti cha ndege kilikuwa hakifanyi kazi, wahudumu wakatumia megafoni na sauti zao. Milango iliyotumika ilikuwa mitatu tu kati ya minane, kwa sababu wahudumu walichungulia nje kwanza na kukataa kufungua iliyotazamana na moto. Ile megafoni ni miongoni mwa vitu tunavyotakiwa kuvikagua ndani ya zile dakika 25.

Tunadai kaunta ipime na izuie, mzigo usiofaa uishie kwenye kaunta, na mlango wa ndege usiwe mahali pa kuamua ugomvi wa kilo.

Liko pia suala la viti vya mlango wa dharura, ambavyo siku hizi vinauzwa kwa bei ya juu kwa sababu vina nafasi ya miguu. Hatuna ugomvi na biashara. Tunachoomba ni kwamba mwenye kununua kiti hicho ajue amenunua kazi. Tarehe 22 Agosti 1985 huko Manchester, Uingereza, ndege ya British Airtours iliwaka moto ikiwa inajaribu kupaa. Abiria aliyekaa kwenye mlango wa juu ya bawa alivuta mkono wa kiti akidhani ndio komeo. Jirani yake alipofanikiwa kufungua, mlango, ambao ni mzito, ukamwangukia yule abiria wa kwanza. Muda ulipotea, moshi ukajaa, na watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi. Taa za sakafuni zinazoonyesha njia ya kutokea na nafasi pana karibu na milango ile ni baadhi ya mambo yaliyosukumwa mbele na msiba huo. Kwetu sisi somo lake ni la dakika moja: kuongea na kila abiria wa safu ile ana kwa ana, kumwonyesha komeo, kumuuliza kama yuko tayari, na kumhamisha kwa adabu mzee au mama mwenye mtoto hata kama amelipia. Dakika hiyo moja tunanyimwa, na tunapomhamisha mtu aliyelipia, ofisi ya malalamiko ya wateja humpa yeye haki kabla haijatuuliza sisi.

Maelekezo ya usalama katika safari zetu hutangulizwa kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya kurekodiwa. Kiswahili hufuata injini zikiwa zimeshaanza kunguruma. Kwenye ndege ya kwenda Songea, Kigoma au Tabora, ambako mara nyingi mgeni asiyejua Kiswahili ni mmoja au hayupo, huu ni utaratibu wa ajabu. Tunaomba Kiswahili kitangulie katika safari zote za ndani, kisomwe na mtu aliye hai anayewatazama abiria machoni, na asubiri kama hawajatulia. Vilevile tunaiomba Serikali itazame mashirika ya nje yanayochukua abiria wetu kwenda Muscat, Riyadh na Dubai. Humo wanapanda mabinti wanaokwenda kazi za ndani, wengine ndiyo mara ya kwanza kuiona ndege kwa karibu, na maelekezo wanayopewa yako kwa Kiarabu na Kiingereza. Ruhusa ya kutua nchini iwe na sharti la tangazo la Kiswahili. Ni sharti la bei nafuu.

Sasa tupae.

Tishio linalotunyima raha zaidi angani siku hizi linaingia mfukoni mwa suruali. Tarehe 28 Januari 2025, katika uwanja wa Gimhae mjini Busan, Korea Kusini, ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado inasubiri kuondoka. Moto ulianzia kwenye kabati la juu. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai, na wachunguzi wakaitaja pawabenki kuwa ndiyo chanzo kinachoelekea zaidi. Ndege ile ilikuwa chini, milango inafunguka. Ingekuwa juu ya Manyara tungekuwa na habari nyingine. Kwa kanuni za kimataifa pawabenki hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini, na inayozidi wati-saa 100, yaani takriban mAh 27,000, huhitaji idhini ya shirika. Nyingi za mitaani hazina namba yoyote, au zina namba ambayo hata muuzaji huicheka. Mashirika kadhaa yameshachukua hatua. Emirates tangu Oktoba 2025 hairuhusu kuitumia ndani ya ndege.

Watu hawaelewi kwamba moto wa betri hauzimwi kama moto wa karatasi. Mtungi wetu wa gesi huua mwali, lakini betri huendelea kuchemka ndani na kuwaka upya. Kinachoipoza ni maji mengi. Kwa hiyo ni lazima tuifikie, na ni lazima tujue iko wapi. Begi lililofungiwa kabatini chini ya mabegi mengine matatu ni kosa lililofanyika kabla ya kuondoka. Tunaomba glavu za kuzuia joto na mfuko maalumu wa kutilia betri katika kila ndege, si zile kubwa tu, na tangazo kaunta na mlangoni kwamba pawabenki ikae mahali abiria anaweza kuiona.

Msukosuko wa hewa tutaueleza kwa ufupi, maana nyote mliomo humu mmewahi kushika mikono ya kiti. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko wakati kifungua kinywa kinagawiwa. Uchunguzi wa awali ulionyesha iliporomoka futi 178 ndani ya sekunde 4.6. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia, ndege ikageuzwa kwenda Bangkok. Sisi tunaruka juu ya Ziwa Victoria, ambalo usiku na alfajiri hupika radi zake lenyewe, na tunapita kandokando ya milima mirefu kuliko yote barani. Hata hivyo tunatakiwa tumalize kugawa vinywaji vya moto katika safari ya dakika arobaini, na tusipomaliza tunaulizwa. Tunadai safari fupi zisiwe na vinywaji vya moto kabisa, na neno la rubani la kutuketisha liwe la mwisho bila fomu ya kueleza kwa nini toroli limerudi limejaa. Sisi ndio tunaovunjika miguu. Abiria huwa wamefunga mikanda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo linalofuata ni gumu kwa sababu marubani wamekaa hapa nasi, na ni ndugu zetu. Tarehe 8 Januari 1989 ndege ya British Midland aina ya Boeing 737 ilipata hitilafu kwenye injini ya kushoto. Marubani, kwa kuchanganyikiwa na dalili walizoziona, walizima ya kulia, na kapteni akawatangazia abiria kwamba tatizo ni la kulia. Nyuma, abiria na wahudumu walikuwa wameona moto upande wa kushoto. Hakuna aliyekwenda kusema. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, na kati ya watu 126 walikufa 47.

Tangu Septemba 2001 mlango wa chumba cha marubani umekuwa mgumu na umefungwa. Tunaelewa sababu. Lakini mlango wa chuma haupaswi kuwa pia mlango wa vyeo. Kanuni inayowataka marubani wasisumbuliwe chini ya futi 10,000 imewaingia vijana wetu vibaya, wengine wanaogopa kupiga simu ya ndani hata wakisikia harufu ya waya unaoungua. Tunaomba kapteni azungumze na wahudumu wake kabla ya safari ya kwanza ya kila siku, ana kwa ana, kwa dakika tano, awaambie hali ya hewa, hitilafu zilizoahirishwa kwenye kitabu cha ndege, na kwamba wakiona kitu wampigie saa yoyote. Makapteni wengi wazuri wanafanya hivyo bila kuombwa. Wengine hutuona kwa mara ya kwanza tukiwapelekea kahawa. Na mafunzo ya dharura tufanye pamoja, wao na sisi, katika chumba kimoja, maana siku ya tukio hatutakuwa katika vyumba viwili.

Kuna pia abiria wasio na mhudumu kabisa. Ndege zenye viti visivyozidi 19 kanuni haziwalazimishi wenyewe kuwa na mtu wetu, na ndege za namna hiyo, nyingi zikiwa za injini moja, ndizo zinazovuka bahari kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar na Mafia, na kutua kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani. Maelekezo yote yako mikononi mwa rubani, ambaye pengine pia ndiye aliyepanga mizigo. Hatuombi wapewe mhudumu. Hakuna pa kumkalisha. Tunaomba maelekezo yatolewe kabla injini haijawashwa, na jaketi ifungwe kiunoni mwa abiria kabla ya kuvuka maji.

Tumalizie na fedha, tukijua kwamba kuna watakaosema hapo ndipo tulipokuwa tunaelekea tangu mwanzo. Posho yetu ya kuruka huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea na hukoma inaposimama. Yaani ukaguzi wa vifaa, kupandisha abiria, mabegi, mlango wa dharura, wagonjwa, watoto, walevi waliokunywa ukumbini wakisubiri, yote hayo hayamo. Hatuko peke yetu. Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na kazi ya chini isiyolipwa ilikuwa kiini cha mgogoro wao. Delta ya Marekani ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa kupandisha abiria, japo kwa nusu. Tunaleta hoja hii kwenye risala ya usalama kwa sababu kazi isiyo na bei kwenye vitabu vya shirika ndiyo ya kwanza kukatwa. Dakika ya kupandisha abiria ikiwa na gharama, mtu ofisini atalazimika kuijua, na atakayeijua atauliza inatumika kufanya nini. Kanuni ya mhudumu mmoja kwa viti 50 nayo inaangaliwa kwa jicho hilohilo la gharama: ATR 42 yenye viti 48 ingeweza kisheria kubeba mmoja. Ile ya Bukoba ilikuwa na wawili. Tunaomba shirika liandike kwamba halitashuka chini ya wawili kwenye ndege yoyote yenye zaidi ya viti 19.

Uchovu wa kuruka safari tano kwa siku na mapumziko yanayokatizwa na simu ya kazi tumeshauwasilisha kwa barua nyingine, hatutarudia hapa.

Tunaloomba kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ni hili: wakaguzi wenu wapande bila taarifa, wasikae viti vya mbele, wasimame nyuma wakiwa na saa ya mkononi tangu abiria wa kwanza anaposhuka mpaka mlango unapofungwa, wahesabu ni ukaguzi gani uliofanyika na upi uliorukwa, na kwa sababu ya nani. Wafanye hivyo kwenye safari ya tatu au ya nne ya siku, jioni, ratiba ikiwa imeshachelewa. Wakikuta sisi ndio wazembe, tutaikubali taarifa yao. Kwa uongozi wa shirika, tunaomba muda wa ndege kukaa chini uongezwe kutoka dakika 25 hadi 40 kwenye vituo vya ziwani na visiwani, jibu la maandishi kwa kila dai tulilolitaja kabla ya tarehe 31 Machi, na kikao cha pamoja cha wahudumu, marubani, kaunta na mipango ya safari kabla ya ratiba mpya kutangazwa. Nakala ya risala hii tumempa pia mwakilishi wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, kwa sababu abiria nao wana haki ya kujua tunadai nini na tunadai kwa ajili ya nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wahudumu wa ndani ya ndege